Moto Chini ya Ngazi ya Walimu

Hivi wewe umewahi kuona jengo lenye dharau? Sisemi mtu, nasema jengo. Kama hujaliona, njoo nikusimamishe hapa barabarani, mbele ya shule hii kongwe ya mjini, uone linavyokutazama. Nguzo zake nene zimetuna vifua. Matao yamekaa juu yake kama nyusi za mtu asiyependa kuulizwa jambo. Mlango wa mbele ni mpana kiasi cha kupitisha gari, na juu yake kuna ua la mawe ambalo halijawahi kufanana na ua lolote linaloota ardhini. Halikujengwa liwe shule, ujue. Kampuni fulani ya wafanyabiashara ililijenga liwe makao ya meneja wao. Meneja akaondoka, wakaingizwa watoto na madawati, lakini kuta hazikuambiwa. Mpaka leo zinakaa zinamsubiri meneja arudi. Watoto zinawavumilia tu.

Lizunguke sasa, uende nyuma. Huko hakuna nguzo wala tao. Lipu imevimba kwa unyevu na kubanduka vipande vipande, na ukutani, kwa nje, kuna ngazi ya mawe isiyo na paa wala mahali pa kushika. Kwa hiyo jengo la ghorofa moja tu lina ngazi mbili. Ile ya ndani, ya mbele, ni ya mbao za mvule, inang'aa hata uso wako unauona, na ni ya walimu na wageni. Ya nyuma ni ya wanafunzi, wafagiaji na wachota maji. Mvua inyeshe, jua lichome, mtoto atazunguka. Hakuna kibao kilichoandikwa hivyo. Kila mtu alijua tu.

Basi iliyotiwa moto ni ile ya mbele.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa kuburuta viatu na jicho la mnunuzi wa mitumba, jicho la kugeuza kitu ndani nje kabla ya kukisifu. Watu wengi aliwadharau na hakuona sababu ya kuficha. Aliwadharau wanaojibu swali kabla halijaisha, wanaosema "kusema ule ukweli" kabla ya kusema uongo, na wakubwa wanaokuja eneo la tukio wamevaa suti. Asubuhi hiyo angekutana nao wote kwa mkupuo.

Langoni alimkuta mwanamke mzee amekaa juu ya tofali, kifuko cha dawa mapajani. Alikuwa mke wa mlinzi wa shule, yule waliyemwita Mzee wa Funguo, ambaye tangu jana yuko mahabusu kwa kosa la kuchoma ngazi.

"Mwanangu," yule mama alisema bila kuinuka, "hizi ni dawa zake za presha. Jana kituoni walizikataa."

"Alizikataa nani?"

"Yule mwenye tumbo."

Inspekta akageuka polepole kumtazama Koplo wake. Koplo akavuta tumbo ndani.

"Afande, taratibu zinasema..."

"Taratibu hazina presha. Piga simu, mtu aje kuzichukua, na mzee azimeze mbele ya macho yao." Kisha akamgeukia mama. "Anakula vizuri?"

"Anakula nini, mwanangu, na ameambiwa yeye ni mchoma shule? Ametunza funguo hizo mpaka mgongo umepinda. Leo ndiyo wanampeleka mahakamani?"

Inspekta hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Gari la mahabusu linaondoka mchana. Nisipompata mwingine wa kupanda, atapanda yeye."

"Basi na sisi tumekwisha. Chumba chetu ni kile pale uani. Akiwa mhalifu, sisi tutakaa wapi?"

Inspekta aliburuta viatu vyake kuelekea mlango wa mbele, na Koplo akamfuata, simu sikioni, akinong'ona kuhusu vidonge.

Ndani ya ukumbi wa mbele harufu ya mkaa na maji machafu ilikuwa bado nzito. Watu wawili walimsubiri. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu, mwembamba, mwenye tai iliyofungwa kwa nguvu kama ya kumnyonga. Wa pili alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, maana shule ilikuwa inajiandaa kuadhimisha umri wake mkubwa. Bwana huyo alisoma hapa zamani, akawa mkubwa huko serikalini, akastaafu, na sasa kazi yake ni kuipenda shule hadharani.

"Binti yangu," Mwenyekiti alianza, "kabla hujaanza ni vizuri ukalielewa jengo. Hili si jengo, ni historia. Tazama dari ile. Tazama matao. Mawe haya yalikatwa kwa mkono, yakaungwa kwa chokaa, si saruji. Na ngazi hii..." akanyoosha mkono kuelekea ngazi iliyoungua, na sauti ikamtetemeka kama aliyefiwa, "mti mmoja wa mvule! Mkono wake wa kushikia umechongwa kutoka kipande kimoja, bila kiungo hata kimoja. Tulipanga kuweka bamba la shaba hapa, lenye majina ya wakuu wote wa shule."

"Na lako?"

"Eeh... kamati ilipendekeza."

"Bila shaka kamati hiyo unaiongoza wewe."

Koplo akakohoa. Inspekta akachuchumaa mbele ya mlango wa stoo, chumba kidogo kilichobanwa chini ya ngazi. Hapo ndipo moto ulipoanzia juzi jioni, shule imefungwa, hadi jirani wa ng'ambo ya barabara alipoona moshi na kuita zimamoto. Mlango ulikuwa umevunjwa na shoka la zimamoto, lakini kufuli lilikuwa bado linaning'inia kwenye pete zake, limefungwa.

"Unaona?" Mwalimu Mkuu alisema. "Limefungwa. Mwenye ufunguo ni mmoja tu. Kusema ule ukweli, afande, kesi hii imejitatua yenyewe."

"Kesi ikijitatua mimi mshahara ninalipwa wa nini? Stoo ilikuwa na nini?"

"Mifagio. Nta ya kung'arishia ngazi. Matambara."

"Na nini?"

"Basi, hivyo tu."

Inspekta alivua kiatu kimoja, akakikung'uta majivu, akakivaa tena. Alikuwa anampa Mwalimu Mkuu nafasi ya kuongeza neno. Hakuongeza. Basi akaingiza mkono stooni, akagonga kitu kizito kilichokaa sakafuni kama mto wa kulalia. Kikalia kama jiwe. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na kingine tena.

"Mifagio ya siku hizi imekuwa migumu," alisema. "Koplo, hebu niambie hii ni nini."

Koplo aliinama, akakwaruza kwa ufunguo wa gari. "Saruji, afande. Mfuko umeungua, saruji imepata maji ya zimamoto, imeganda na umbo la mfuko."

"Saruji. Katika jengo la chokaa. Mwenyekiti, si umeniambia hapa hawatumii saruji?"

Mwenyekiti alimgeukia Mwalimu Mkuu. Tai ya Mwalimu Mkuu ikazidi kumbana.

"Ilikuwa ya vyoo," alisema kwa sauti ndogo. "Vyoo vya wanafunzi. Ya msaada."

"Vyoo viko wapi?"

"Havijajengwa."

"Na saruji ilikuwa inasubiri nini chini ya ngazi ya walimu? Kupanda cheo?" Akainuka, akikung'uta vumbi magotini. "Mwalimu, mimi nina subira ya mshona nguo. Lakini kuna mzee wa watu ndani. Saruji hii hakuiweka yeye, kwa sababu mgongo wake haubebi mfuko. Iliwekwa na mtu mwenye ufunguo wa pili. Utoe."

Mwalimu Mkuu alitia mkono mfukoni kama mtoto aliyeambiwa atoe pipi. Ufunguo wa pili ukatoka. Ulikuwa mpya, unang'aa.

"Nyumbani nilikuwa naongeza chumba kimoja tu," alisema.

"Wewe!" Mwenyekiti alifoka. "Kwa hiyo ni wewe uliyechoma!"

"Mimi? Ningechoma saruji yangu mwenyewe?"

"Yako?" Inspekta aliuliza.

"Ya vyoo."

Na hapo, pamoja na kumdharau kwa moyo wote, Inspekta alimwamini. Mtu anayeiba saruji mfuko mmoja mmoja hawezi kuitia moto kabla chumba hakijaisha. Juzi jioni huyu alikuwa kwenye harusi ya shemeji yake, ameonekana kwenye video anacheza vibaya. Kwa wizi wake atajibu, lakini moto haukuwa wake. Kitu kimoja kilikuwa kimebadilika, nacho kikubwa: kufuli lililofungwa halikuwa tena la Mzee wa Funguo peke yake.

Akawasha tochi, akaingia stooni mzima mzima, akitambaa. Wale wawili waliona visigino vyake tu. Mlango, kwa ndani, ulikuwa umebabuka juu juu. Vipandio vya ngazi, vinavyofanya dari ya stoo, vilikuwa vimeungua kidogo upande wa mlangoni, vikazidi kuungua kadiri alivyosogea ndani, na mwisho kabisa, pale dari inaposhuka karibu na sakafu, mvule wenyewe ulikuwa umelika hadi kina cha kidole. Moto huanza pale unapokula zaidi. Mtu anayeingia kwa mlango, anayetaka kuwasha na kukimbia, huwashia mlangoni. Hajipeleki mwisho wa shimo, apite juu ya saruji na makopo ya nta, kisha arudi kinyumenyume na moto mbele yake. Labda awe mjinga sana.

Inspekta akagonga ukuta wa mwisho kwa kifundo cha kidole. Chokaa, chokaa, jiwe, kisha, "ko". Sauti ya ubao. Akasogeza uso karibu. Katikati ya masizi, mwanga mwembamba kama uzi ulikuwa unapenya.

Alitoka kwa haraka ambayo Koplo hakuizoea, akapita mlango wa mbele, akazunguka jengo. Chini ya ngazi ya mawe ya nyuma kulikuwa na uvungu wenye majani makavu na tairi bovu. Akalisogeza tairi. Ukutani, usawa wa goti, kulikuwa na kilango cha mbao, kidogo, cha kupita ndoo au mtoto. Kilipakwa chokaa pamoja na ukuta, koti juu ya koti, hata ukiwa unapita usingekiona. Lakini chokaa ilikuwa imepasuka pande zote nne, na mpasuko ulikuwa mweupe, mpya. Chini yake, majani makavu yalinuka mafuta ya taa.

"Hii nini tena?" Mwenyekiti alikuwa amewafuata, akihema.

"Wewe ndiye historia. Niambie."

"Mimi nimesoma hapa utoto wangu wote. Hakuna kitu kama hicho."

"Ulisoma. Hukufagia." Inspekta alikisukuma kilango kwa kiatu, kikafunguka ndani bila kelele. "Hapa ndipo ndoo na nta zilipopitishwa, ili mfagiaji asionekane na wageni amebeba ndoo ukumbini. Hata uchafu wenu mliupangia mlango wake."

Alitaka kupanda ngazi ile ya mawe aone inafika wapi. Alifika nusu, akajikwaa. Kidole gumba kililia ndani ya kiatu. Koplo, aliyekuwa nyuma yake, alijikwaa palepale na kulala kifudifudi.

"Samahani, ngazi mbaya hizi," Mwenyekiti alisema kutoka chini, salama. "Kuna kipandio kimoja fundi alikikosea, kimeinuka kuliko wenzake. Zamani mfagiaji mmoja alianguka hapo na maji yake. Ndiyo maana kwenye ukarabati tunazibomoa kabisa. Zinaharibu sura ya jengo. Watabaki na ile nzuri ya mbele."

"Wanafunzi watapanda ya mbele?"

Mwenyekiti alionekana kama swali hilo halijawahi kuulizwa katika kikao chochote. "Hilo tutaliundia kamati ndogo," alisema.

Mtu wa mwisho alikuja kwa gari lake la kazi, ndoo na ngazi za mabomba zimefungwa juu. Huyu ndiye Mkandarasi, aliyepewa kazi ya kulikarabati jengo kwa ajili ya sherehe. Alikuwa na mvi za pembeni na viatu vyenye chokaa. Hakuwa na suti, na Inspekta alimhesabia hilo kama pointi moja.

"Huyu kijana ameumia kuliko sote," Mwenyekiti alimtambulisha, akimpiga begani. "Kazi yote ilikuwa kwenye hiyo ngazi."

"Shikamoo mzee," Mkandarasi alisema kwa adabu, akiliondoa bega lake taratibu. Kisha akaitazama ngazi iliyoungua kwa muda mfupi tu, Inspekta aliona, kama mtu anayetazama saa. "Hii imekwisha, mzee. Moto umeingia kwenye mihimili. Itabidi muiondoe."

"Tuiondoe! Na juu tutapanda wapi?"

"Ya nje. Itabidi mbaki na ya nje. Tunaitengeneza, tunaiwekea paa na mahali pa kushika. Ile ya mawe haiungui."

Inspekta alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua kiatu anakanda kidole chake. "Umefikiri haraka," alisema.

"Ndiyo kazi yangu, afande."

"Hujauliza hata nani amechoma."

"Nilisikia wamemkamata mlinzi."

"Ukasikia na ukaridhika. Haya, tusaidiane. Umewahi kusoma shule hii?"

"Hapana."

"Hata darasa moja?"

"Hata moja, afande. Nimesoma mbali."

"Jengo unalijua?"

"La mbele nalijua. Nimepima ukumbi, dari, ngazi hii ya mbao. Huko nyuma sijapagusa. Ngazi ya nje ilikuwa ya kubomoa tu, na kitu cha kubomoa hakipimwi."

"Na ramani yako ya stoo?"

Akaikunjua juu ya benchi. Stoo ilichorwa kama pembetatu safi, kuta tatu, mlango mmoja. Hakuna kilango. Mtu aliyepima dari hadi nyufa zake hakuona kilango cha ubao kwenye ukuta wa mawe? Inspekta aliikunja ramani, akamrudishia.

"Vizuri. Sasa tupande ofisini niandike maelezo yenu, maana gari la mahabusu halisubiri mtu. Ngazi ya mbao imeshikilia, tukipanda mmoja mmoja na kukaa upande wa ukuta. Mwenye hofu azunguke."

Manyunyu yalikuwa yameanza kuanguka. Alimwacha Koplo chini, yeye akatangulia, akasimama juu pale ubaraza wa ghorofani unapoona mbele na nyuma kwa pamoja. Hakuna kitu alichokifanya ila kutazama miguu ya watu.

Mwalimu Mkuu alipanda mbio mbio, kwa haki ya cheo chake, ameukumbatia ukuta kama mwizi anayekimbia paa kwa paa. Akafuata Mwenyekiti. Huyo, nakwambia, ilikuwa sinema. Mtu mzima, mstaafu mwenye wajukuu, alifika kwenye kipandio cha kwanza, mguu ukainuka, ukabaki hewani. Akageuza shingo, akatazama kushoto na kulia kama mwanafunzi anayetarajia kuvutwa sikio. Ndipo akakumbuka yeye ni nani, akatuna kifua, akapanda.

Mkandarasi alikuwa na simu sikioni. Aliinua mkono kuashiria "nakuja", akatoka nje kwenye manyunyu, akazunguka. Inspekta akahamia upande wa nyuma wa ubaraza, nyuma ya mlango.

Alimwona akija chini ya mvua ile, anaongea na mtu kuhusu mchanga. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha simu, maana sasa alikuwa anatafuta namba. Hakutazama chini hata kidogo. Akapanda kwa ubavu, kifua kimeelekea ukutani, kama anavyopanda mtu aliyebeba kitu kwa mkono wa nje. Alipofika nusu mguu wake ukafanya hatua ndefu, ukakiruka kile kipandio kilichoinuka, ukaendelea. Hakusita. Hakujua hata kama ameruka.

Alipofika juu alimkuta Inspekta amesimama mlangoni.

"Umelowa, Mkandarasi."

"Kidogo tu, afande. Ile ya ndani si salama."

"Sawa, hilo nalikubali. Lakini pale katikati kuna kipandio kimeinuka. Mimi kimening'oa ukucha. Koplo wangu kimemlaza kama kitambaa. Wewe umekiruka na macho yako yako kwenye simu."

Mkandarasi aliishusha simu. "Nilikipima."

"Kitu cha kubomoa hakipimwi. Umeniambia sasa hivi, na mate hayajakauka."

Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti walikuwa wamesogea. Mvua ikaongeza sauti juu ya bati.

"Akili husahau," Inspekta alisema, "lakini mguu uliojifunza ukiwa mdogo hausahau. Umesoma hapa, na ukanificha."

"Sijasoma hapa."

"Usinichezee shere."

"Sijasoma hapa hata siku moja," Mkandarasi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu ndani. "Mama yangu alikuwa anafagia hapa. Mimi nilikuwa nakaa chini ya ngazi, napitishwa kwenye kile kilango nimletee nta iliyosogea ndani, kwa sababu yeye hakuenea. Kutwa nzima anaisugua ile ya mbao, kwa magoti. Anaisugua mpaka juu. Akimaliza, anashuka kinyumenyume akifuta alama za magoti yake mwenyewe, halafu anazunguka nje kupeleka maji ofisini. Kwa hii ya mawe."

"Na ndiye aliyeanguka," Inspekta alisema.

"Ndiye. Walimpitisha nyuma hukohuko, wageni wasione. Hakusimama tena."

"Kumbe wewe ni mtoto wa yule..." Mwenyekiti alianza.

"Yule nani?" Inspekta alimgeukia. "Msaidie. Umekaa naye utoto wako wote, na leo umepanda juu ya jasho lake. Alikuwa anaitwa nani?"

Historia yote ile, matao na chokaa na mvule wa mti mmoja, na jina moja halikupatikana ndani yake.

"Ile bora mlitaka kuiwekea shaba," Mkandarasi alimwambia, "na hii ya mama mlitaka kuivunja. Nikasema ikiungua ile, hii haitavunjwa. Hamtakuwa na pa kupita."

"Hongera," Inspekta alisema, na neno hilo lilitoka baridi kama chuma. "Hesabu safi ya mkandarasi. Na Mzee wa Funguo umemweka kwenye safu gani? Yeye pia si mtu wa kuzungushwa nyuma ya jengo, mpaka leo?"

Mkandarasi aliinamisha uso. "Nilidhani watasema ni waya. Kila moto wa mji huu husemwa ni waya."

"Na walipomchukua yeye badala ya waya?"

"Nikanyamaza."

"Ukanyamaza. Basi usiniletee mama yako hapa kama barua ya kuombea ruhusa. Mke wa yule mzee ni mama pia, na asubuhi hii nimemkuta amekalia tofali." Akaegemea ukingo wa ubaraza, akaita chini. "Koplo! Piga kituoni. Mzee atolewe sasa hivi, na aletwe kwa gari, si kwa miguu. Mwambie na mkewe langoni. Halafu panda na pingu. Kipandio cha katikati, angalia!"

"Nimeshakijua, afande!"

Wakasubiri. Mwalimu Mkuu alikuwa amejibanza karibu na mlango wa ofisi, akitumaini saruji imesahaulika. Inspekta alimwonyesha kiti bila kumtazama, naye akakaa. Mwenyekiti alikuwa anajipangusa suti. Kisha akasema kile ambacho watu wa aina yake husema wakati mambo yameharibika na wao bado hawajaelewa:

"Lakini kijana, si ungesema tu? Tumekaa vikao vyote pamoja. Ungeinua mkono, kamati ingekusikiliza."

Mkandarasi alicheka kidogo kupitia puani.

"Niliinua. Kikao cha pili. Nikasema ngazi ya nje iachwe. Ukasema, 'Fundi, wewe tupe bei, uzuri tuachie sisi.' Wakacheka."

"Sikumbuki."

"Najua."

Koplo alifika juu akihema, pingu mkononi. Mkandarasi alinyoosha mikono yake yenye chokaa kabla hajaombwa. Inspekta alimzuia Koplo kwa kidole.

"Subiri. Swali moja, na hili siandiki," alisema. Dharau ilikuwa bado usoni mwake, lakini alikuwa ameacha kuigawa ovyo. "Umekuwa na miezi ya kusema. Ungemwandikia mtu, ungempigia mtu simu, ungekataa kazi. Badala yake ukachukua mafuta ya taa, mtu wa umri wako, ukatambaa uvunguni. Usinieleze ngazi. Ngazi nimezielewa. Ulikuwa unataka nini?"

Mkandarasi alimtazama Mwenyekiti, si Inspekta.

"Kila kikao mlikuwa mnaulizana," alisema. "Wewe ulisoma mwaka gani, baba yako alikuwa nani, mjomba wako si yule aliyefundisha hesabu? Mnazunguka meza nzima mkiulizana. Mkifika kwangu mnaruka. Mimi nilikuwa nimekaa na jibu langu tayari. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, na wewe ni mtoto wa nani?"